Usiku Usiopoa

Vumbi lilining'inia kwenye mwanga. Halikupanda, halikutua. Lilikaa tu pale mlangoni mwa banda, jekundu, limetulia, na jua lilikuwa halijafika hata kimo cha ukuta. Mpima hewa alisimama akalitazama, ufunguo mkononi, mgongo wa gauni lake tayari umelowa.

Miaka ishirini na mitano alikuwa akilifungua banda lile kila alfajiri. Mtaani walimwita Mama Hewa. Wenye maneno walisema mwanamke mzima kazi yake ni kurusha maputo, na yeye alicheka pamoja nao, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu hawakujua maputo yale yalirudi na habari gani.

Kwanza alikwenda kwenye kisanduku cheupe kilichosimama kwa miguu minne katikati ya uwanja, chenye kuta za vibao vilivyolazwa mshazari ili upepo upite na jua lisipite. Ndani mlikuwa na vipimajoto. Kimoja huweka alama pale usiku ulipofikia baridi yake ya mwisho. Akainama, akavaa miwani, akasoma. Akaivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akasoma tena.

Thelathini na moja.

Hiyo ndiyo baridi ya usiku mzima. Hiyo ndiyo saa njema kuliko zote, saa ambayo mbwa huacha kuhema na watu huvuta shuka. Alipoanza kazi, msichana mwembamba mwenye daftari jipya, saa hiyo aliiandikia ishirini na mbili. Kisha ishirini na tatu. Kisha ikafika ishirini na sita, ikakaa hapo kama mgeni anayeaga kila siku na haondoki. Mchana alikuwa ameuzoea. Mchana una hasira zake, nazo hupita. Usiku ndio uliomtisha, maana usiku ndio wakati ardhi hurudisha juu ilichokipokea mchana, na siku hizi ilikuwa hairudishi.

Kilichoingia hakikutoka.

Kando ya kipimajoto cha kawaida palikuwa na kingine, kimefungwa kitambaa kibichi. Wanafunzi wakija kutembelea kituo, aliwaambia: huyu hapa ni mtu anayetoka jasho. Maji yakikauka kwenye kitambaa, kipimo kinashuka, mtu anapoa. Lakini hewa ikishiba mvuke, maji hayana pa kwenda, kitambaa hakikauki, na mtu huyo anaanza kuiva. Siku kama hiyo, vipimajoto viwili husema namba moja.

Asubuhi ile vilikuwa vimekaribiana kama ndugu wanaonong'onezana.

Akajaza puto. Gesi iliimba ndani ya mpira, na puto likanenepa, jeupe, laini kama shavu la mtoto mchanga. Akafunga chini yake kijisanduku chepesi chenye redio ndogo, akatoka nalo uwanjani akiwa amelikumbatia, akaliachia. Likaenda moja kwa moja juu, wima, bila kuyumba hata kidogo. Hakupenda hivyo. Angependa liyumbe.

Ndani, mbele ya kompyuta, alilifuata kwa namba.

Lilipita kwenye tabaka letu, tabaka la kwanza, ambamo kila kilicho chetu kimo: mawingu, mvua, moshi, kunguru, ndege za abiria, kikohozi, sauti za watu kuitana. Humo, kila kilomita moja ya kupanda, joto hupungua nyuzi sita hivi. Lakini kabla ya kilomita ya pili joto lilikataa kupungua. Likapanda. Hewa moto ilikuwa imelala juu ya mji kama mfuniko juu ya sufuria, na chini ya mfuniko ule upepo haukuwa na njia.

Puto likatoboa, likaenda zake. Kilomita sita, barafu. Kilomita kumi na saba, nyuzi themanini chini ya sifuri, mahali ambapo mawingu makubwa kuliko yote hufika na kutandazika kama yamegonga dari. Hapo juu huanza tabaka la pili, kavu, kimya, lisilojua mvua, lenye ozoni inayokamata miale mikali ya jua isitubabue. Humo puto huvimba likawa kubwa kama chumba, kwa kuwa hewa ya nje imekuwa nyembamba mno, hata linapasuka. Juu zaidi liko tabaka ambamo vimondo huungua. Juu yake jingine. Kisha giza. Huko puto halifiki, na hakuna aliyelituma.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu wa mtaani, kwa kuwa halisemeki kwenye foleni ya maji. Kwa miaka ishirini na mitano, namba za tabaka la chini zilikuwa zinapanda, na namba za tabaka la pili zilikuwa zinashuka. Chini kunachemka, juu kunapoa. Kama jua ndilo lililozidi ukali, matabaka yote mawili yangepata moto. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kama watu wawili kitandani, mmoja amejifunga blanketi lote na anatokwa jasho, mwingine yuko nje yake anatetemeka.

Na blanketi lilikuwa linanenepa. Hewa ya ukaa, ile itokayo kwenye injini, kwenye matanuri, kwenye misitu iliyochomwa, haionekani, hainuki, haina rangi. Mwanga wa jua unapita kuja chini bila kuulizwa. Joto la ardhi likitaka kurudi juu linashikwa, linarushwa tena chini, linashikwa tena. Bila blanketi lolote dunia ingekuwa jiwe la barafu, alilijua hilo. Ila mtu akisikia joto usiku huutoa hata mguu mmoja nje. Hapa mguu huo ungetolewa wapi?

Akaandika onyo. Joto la hatari, unyevu wa hatari, hakuna upepo, watu wasifanye kazi mahali palipofungwa. Akalituma makao makuu. Wakamjibu kwa upole kwamba limepokelewa na litapitiwa.

Akapiga simu kwa mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa msimamizi wa kitalu, nyumba ndefu ya plastiki pembezoni mwa mji, ambamo watu kumi na wanane waliotesha miche ya nyanya. Jina lake la nyumbani lilikuwa Kitinda, maana ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Mama alipofariki, mpima hewa alimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuta, na hata sasa, wote wawili wakiwa na mvi, waliishi nyumba moja, vyumba viwili vinavyosikilizana.

"Kitinda, leo usiwafanyishe kazi watu ndani ya kitalu."

"Dada, umeanza."

"Nisikilize. Usiku umeshukia thelathini na moja, ukagoma hapo. Juu kuna hewa moto imetukalia. Upepo hautakuja."

"Kwangu upepo hauji siku zote. Ndiyo kazi ya kitalu, dada, kuzuia upepo." Akacheka kidogo. "Kuna miche elfu arobaini inachukuliwa kesho asubuhi. Niwaambie wakubwa nimewarudisha watu nyumbani kwa sababu ya puto?"

"Basi fungua madirisha ya juu."

"Wakiingia inzi weupe wanaoua miche? Jirani yetu walimmaliza wiki mbili tu. Usiwe na wasiwasi, nimewasha vinyunyizio tangu alfajiri. Watu wangu wako kwenye ukungu, utadhani wako mlimani."

Mpima hewa aliuona ule ukungu. Aliuona umejaa nyumba nzima, umening'inia, hauendi popote. Aliona watu kumi na wanane, na kila mmoja amevikwa kitambaa kibichi kisichokauka.

"Vizime hivyo vinyunyizio," akasema. "Kitinda, vizime. Vinawachemsha."

"Dada, nina kazi." Simu ikakatwa.

Alikaa. Hili baadaye lilikuja kumtafuna. Alikaa kwenye kiti chake, akapanga namba zake, akangoja makao makuu wamjibu, kama alivyofundishwa. Saa tatu wakanyamaza. Saa nne wakanyamaza. Saa tano alipokwenda tena kwenye kisanduku cheupe, vipimajoto viwili vilitofautiana kwa nyuzi mbili tu, na mkono wake wenyewe, alipoufuta jasho, ukalowa tena kabla hajaushusha.

Akafunga ofisi katikati ya zamu. Hakuwahi kufanya hivyo maishani.

Akapanda pikipiki ya abiria. Lami ilikuwa imelainika, magurudumu yakitoa mlio kama mtu anayebandua plasta. Fundi cherehani alikuwa ameacha cherehani yake, amelala chini ya meza. Mbwa watatu walijipanga kwenye kivuli cha nguzo ya umeme, kivuli chembamba kama mstari, kila mmoja ameingiza humo kichwa tu. Duka la barafu lilikuwa limefungwa. Mji mzima ulikuwa na sauti moja tu, ya mabati yakitanuka juu ya nyumba, tak, tak, tak.

Kitalu kilionekana toka mbali, cheupe, kinang'aa kama taa. Mlango ulikuwa mmoja, upande wa mashariki. Alipoufungua, hewa ilimjia usoni nzito, yenye harufu ya majani na dawa, na miwani ikaingia ukungu palepale. Akaivua. Akaingia kwa kupapasa.

Kilichoingia hakikutoka. Mwanga uliingia kwa juu, ukagusa udongo, ukageuka joto, na joto likakuta plastiki. Maji yaliingia kwa mabomba, yakageuka mvuke, na mvuke ukakuta plastiki. Watu waliingia saa kumi na mbili asubuhi.

Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kati ya matuta, ametapika, anaomba radhi kwa kila anayempita. Wengine walifanya kazi taratibu mno, kama watu walio chini ya maji. Na katikati ya nyumba, mezani pake, alisimama mwanamke waliyemwita Sindano.

Kila aliyewahi kufika pale alimjua Sindano. Ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote kuunga miche: anakata kichwa cha mche huu kwa wembe, anakishikiza kwenye shina la mche ule, anabana kibanio, anapita. Alikuwa na maneno pia. Ndiye aliyesema miche ya nyanya inadekezwa kuliko mume. Sasa hakuwa na neno. Mikono yake ilikuwa inakata na kuunga, inakata na kuunga, na katika mikono ile hapakuwa na wembe wala mche.

"Sindano," mpima hewa akamwita.

"Wanakuja kuichukua," Sindano akasema kwa adabu. "Mwambie mama ninakuja. Nimalizie hii."

Macho yake hayakutua popote. Mpima hewa akamshika shingo, iliwaka.

Kitinda alitokea mwisho wa nyumba, simu sikioni, uso umemvimba kwa joto. "Dada, umefuata nini huku?"

"Watoe nje. Wote, sasa hivi."

"Naongea na wakubwa, wanasema tumalizie—"

Sindano akaanguka. Hakupiga kelele, hakujishika. Alikwenda chini pamoja na trei ya miche, na udongo mweusi ukamwagikia kifuani kwake.

Mlango ulikuwa mbali, hatua sitini, na njia kati ya meza inapitisha mtu mmoja. Mpima hewa alitazama upande wa mlango, akatazama ukuta. Mezani palikuwa na kisu kilichopinda, cha kukatia mafungu ya plastiki. Akakichukua.

"Usithubutu," Kitinda akasema.

Akachana. Kuanzia juu, pale mkono ulipofika, mpaka chini kwenye udongo; na plastiki ikalia kama kitu chenye uhai. Joto lilitoka kwa kumsukuma. Likampita masikioni, likampeperusha kanga, kama pumzi ya mnyama mkubwa aliyekuwa amebanwa kifua tangu alfajiri. Akasogea hatua tatu, akachana tena.

Kitinda alisimama. Akamtazama Sindano pale chini, akaiweka simu juu ya meza kwa uangalifu, kama atakayeirudia, akachukua wembe, akaenda ukuta wa pili. Alichana akilia. Alichana vibaya, ovyo, juu na chini, vipande vikining'inia, na kila alipochana aliita mtu mmoja kwa jina, atoke, atoke, atoke.

Waliwatoa. Waliwalaza upande wa tangi la maji, penye kivuli, wakawavua viatu, wakawamwagia maji, wakawapepea kwa vifuniko vya maboksi. Mmoja baada ya mwingine wakarudiwa na fahamu. Lakini nje nako kulikuwa na joto la nje. Mpima hewa, kisu bado mkononi, aliinua uso. Anga lilikuwa jeupe kuliko buluu, tupu, halina wingu. Ukuta wa kitalu ulikuwa na mahali pa kuingiza ncha ya kisu. Kule juu hapakuwa na ukuta. Kinachokamata joto kilikuwa kimechanganyika na hewa yenyewe, ile ile aliyokuwa akiivuta na kuitoa, na mkono wake ukashuka.

Watu kumi na saba walipona. Sindano alifariki barabarani, ndani ya gari dogo la mizigo, kichwa chake mapajani mwa Kitinda, kabla hawajaliona hata geti la hospitali.

Onyo lilisomwa redioni saa kumi jioni. Msomaji alikuwa na sauti nzuri. Alilisoma neno kwa neno kama lilivyoandikwa asubuhi, akawatakia wasikilizaji jioni njema.

Siku ya pili barua zilikuwa mbili. Ya Kitinda ilisema asirudi kazini, kwa kuharibu nyumba na miche. Ya mpima hewa ilimkemea kwa kuacha kituo, ikamtaka asaini kwamba ameielewa. Akasaini. Alikuwa ameielewa.

Na usiku ule haukupoa. Wala uliofuata.

Ndani ya nyumba yao, Kitinda aliketi kwenye kigoda jikoni, mgongo ukutani, hataki kula. Maneno aliyoambiwa yalikuwa yameingia, na hayakutoka. Jioni, mpima hewa alipokuwa akimsogezea kikombe cha maji, ndipo aliposema, bila kuinua kichwa:

"Vizime. Ulisema vizime."

"Nilisema."

"Nikakukatia simu."

Mpima hewa alitaka kumwambia si kosa lake. Neno lilifika kwenye ulimi likagoma, kwa sababu hawakulelewa kudanganyana. Akaketi sakafuni karibu naye, magoti yakimlilia.

"Na mimi nilikaa mpaka saa tano," akasema. "Nilikuwa nimeshajua, Kitinda. Nilijua kabla jua halijapanda. Nikangoja wanijibu."

Kisha Kitinda akasema, "Lazima niende nyumbani kwa Sindano," na dada yake akasema, "Tutakwenda."

Walikwenda siku ya tatu, baada ya watu wa mazishi kutawanyika. Sindano alikuwa ameacha mume, fundi viatu, na binti wawili, mkubwa wa miaka tisa. Walikaa chumba kimoja chenye dirisha moja, bati juu, mlango unaotazama machweo. Fundi alikuwa ameketi kizingitini, kiatu cha mtu kimelala miguuni pake, hakijaguswa. Binti zake walilala sakafuni nyuma yake, matumbo juu ya saruji, wakitafuta ubaridi.

Kitinda hakungoja kukaribishwa. Alipiga magoti pale kwenye changarawe.

"Shemeji, mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Niliambiwa nifungue, sikufungua. Niliambiwa nizime maji, sikuzima. Sikuja kuomba unisamehe. Nimekuja ulisikie kwangu, usije ukalisikia kwa mtu."

Fundi alimtazama muda mrefu. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala, na hakuna aliyekuwa amelala, mji mzima. Nzi alitembea juu ya kile kiatu. Hatimaye fundi akageuka, akamtazama dada yake Kitinda aliyekuwa amesimama.

"Wewe ndiye Mama Hewa?"

"Ndiyo, ndugu yangu."

"Kesho itakuwaje?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa. Mpima hewa aliona binti mdogo ameinua shavu kwenye saruji, ameacha pale alama ya jasho, anasikiliza.

"Kesho itazidi leo," akasema.

"Na usiku wake?"

"Hautapoa."

Fundi akatikisa kichwa polepole. Akaangalia juu, kwenye bati. Akaangalia dirisha. Akawaangalia wanawe kwa zamu, mmoja, halafu mwingine, kama anayepima viatu kwa macho. Kisha akasimama, akaingia ndani, na wakasikia kitanda kikivutwa.

"Njoo ushike upande huu, wanangu watalala nje," akamwambia Kitinda.

Kitinda aliinuka, changarawe zimemganda magotini, akaingia. Walilikunja godoro kidogo ili lipite mlangoni, yeye akirudi kinyumenyume, fundi akisukuma. Binti walifuata na mito. Mpima hewa akashika katikati, mahali lilipokuwa limeanza kulemea, akaliinua kwa mikono miwili.

Tangu Sindano aondoke hakuna aliyekuwa amelilalia. Lilikuwa na joto kama la mtu aliyeinuka sasa hivi.